Samaki Huchaguliwa Mwisho: Tangi la Kwanza la Samaki wa Mapambo Mjini Bukavu

Saa kumi na moja alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajawika mara ya pili, kipimajoto kilichobandikwa kwenye kioo cha tangi langu dogo husoma nyuzi 19. Hilo ni tangi nisilolipasha joto. Liko sebuleni, mtaa wa Ibanda hapa Bukavu, kwenye nyumba ya mteremkoni inayotazama Ziwa Kivu, na mwaka mzima halipandi sana wala halishuki sana: 19 alfajiri, 21 au 22 jua likishapiga mabati. Naanza na namba hiyo kwa sababu imenifundisha zaidi ya maelezo yote niliyosoma. Maelezo mengi ya kufuga samaki wa mapambo yameandikiwa mtu ambaye umeme wake haukatiki, anayejua maji ya bomba lake yana nini, na ambaye duka la samaki liko mtaa wa pili. Sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Tunaishi kwenye nchi ya joto, lakini samaki wanaoitwa wa maji ya joto, wakifika hapa bila maandalizi, hutetemeka usiku.

Mtu anayetaka kuanza hunijia na picha kwenye simu. "Yaya, mie nataka hawa," na kidole kiko juu ya neoni, wale wadogo wenye mstari wa buluu unaowaka, au juu ya skalari aliyeenea kama tanga la mashua. Namwelewa, maana hata mimi nilivutwa na rangi. Lakini hapa kwetu kazi hii inakwenda vizuri ukiianza upande wa pili: jua kwanza maji utakayoyapata wiki baada ya wiki, kisha uhesabu umeme ulio nao kweli, halafu utafute kioo. Samaki huja mwisho, na kufikia hapo orodha yao itakuwa imejipunguza yenyewe.

Kinachoua samaki kwenye maji masafi

Samaki hatoi uchafu wake wote kama mbuzi, ukauona ukaufagia. Sehemu kubwa hutoka kimyakimya kupitia mashavu yake, nayo ni amonia, ile ile inayochoma pua kwenye banda la kuku lisilosafishwa. Ziwani amonia hiyo humezwa na wingi wa maji. Ndani ya lita 60 haina pa kwenda. Chakula kilichobaki chini nacho huoza na kuiongeza.

Tangi langu la kwanza nililijaza Jumamosi asubuhi, na samaki nikawaweka jioni ile ile. Walikuwa tisa. Siku ya nne walianza kupanda juu na kuhema, midomo ikigusa uso wa maji, mashavu mekundu kana kwamba yamepakwa pilipili. Nikafikiri wana njaa, nikaongeza chakula. Siku ya kumi na mbili alibaki mmoja. Maji yalikuwa meupe, unaona mpaka ukuta wa nyuma. Mama yangu alisimama pale akasema maji yamewakataa. Baadaye, nilipoelewa kilichotokea, niliona kwamba neno lake halikuwa mbali na ukweli.

Kinachookoa tangi ni bakteria. Kundi la kwanza, Nitrosomonas na jamaa zake, hula amonia na kuacha nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huingia kwenye damu ya samaki na kuizuia isibebe oksijeni, hadi damu inageuka rangi ya kahawia, na samaki anatweta hata kama maji yana hewa. Kundi la pili, hasa Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati. Hiyo samaki huivumilia mradi isirundikane. Mimea huila, na wewe huiondoa kila unapobadilisha sehemu ya maji.

Bakteria hawa hawaishi sana ndani ya maji yenyewe. Hushikamana na vitu: sponji la chujio, changarawe, mawe, kioo. Tangi jipya halina hata kimoja kilichoshikwa nao. Huhitaji wiki 4 hadi 6 kuongezeka wakatosha, na kwenye maji ya baridi kama ya Bukavu huchukua muda zaidi, maana baridi huwapunguzia kasi. Kwa hiyo tangi lako litakaa wiki nyingi likiwa na maji, mchanga, chujio linalobubujika, na bila samaki hata mmoja. Watoto watakuuliza kila siku. Wape kazi: wadondoshe kipande kidogo cha chakula cha samaki kila jioni, kama cha samaki wawili. Kikioza kitatoa amonia, na bakteria watapata cha kula. Ukiweza kupata vipimo vya matone vya amonia na nitriti, utaiona amonia ikipanda kisha ikishuka, halafu nitriti ikipanda kisha ikishuka. Zote mbili zikisoma sifuri huku chakula kikiendelea kuwekwa, tangi liko tayari.

Kuna njia ya mkato, na ni halali. Ukimjua mtu mwenye tangi lililokomaa na lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji la chujio lake, chenye uchafu wake wa rangi ya udongo. Kibebe kikiwa kimelowa kwenye maji ya tangi lake, kifike kwako siku hiyo hiyo. Ule uchafu ndio mbegu. Na ukishakuwa na lako, usilisafishe sponji kwa sabuni wala chini ya bomba. Likamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, basi.

Maji ya ziwa, ya bomba, ya mvua

Tunaishi juu ya Ziwa Kivu, na mtu wa kwanza atakayekushauri atakwambia uchote hapo chini bure. Inabidi uelewe unachochota. Maji ya juu ya Kivu yana pH (kipimo cha asidi na magadi, 7 ikiwa katikati) ya karibu 9, maana yake yana ukali wa upande wa magadi, na yamejaa madini, hasa magnesiamu. (Ile gesi ambayo watu huiogopa imelala vilindini kabisa. Haimo kwenye ndoo uliyochota ufukweni.) Madini hayo si mabaya kwa kila samaki. Shida iko kwenye ukutano wa pH na amonia.

Amonia majini ina sura mbili: moja inayochoma vikali na nyingine isiyo na makali hayo, na pH ndiyo inayoamua kiasi cha kila moja. Kwenye maji ya pH 7 yenye nyuzi 25, sehemu inayochoma haifiki 1% ya amonia yote. Kwenye pH 8 inafika 5% hivi. Kwenye pH 9 inapita theluthi moja. Uchafu ni ule ule, samaki ni wale wale, lakini sumu imezidishwa mara nyingi. Ndipo nilipoelewa habari ya wale tisa: nilikuwa nimejaza tangi jipya, lisilo na bakteria, kwa maji ya ziwa matupu.

Maji ya bomba, ya shirika la Regideso, kwa kawaida yana klorini, na ni vizuri kwetu sisi wanywaji. Kwa samaki klorini huunguza mashavu, na kwa bakteria ni kifo. Maji yakiachwa kwenye ndoo au beseni pana, wazi, siku nzima, klorini ya kawaida huondoka hewani. Pampu ya hewa ikibubujika ndani yake, huondoka upesi zaidi. Usiyaache ndani ya bidoni lenye mdomo mdogo uliofungwa ukadhani umeyatuliza. Tena angalia jambo hili: msimu wa kipindupindu, watu wa afya hutia klorini kwenye mabidoni palepale watu wanapochota ziwani. Bidoni la namna hiyo lina dozi iliyokusudiwa kuua vijidudu, na litaua vyako pia. Muulize aliyekuletea maji amechota wapi. Kama yana harufu, yaache siku mbili. Anayeweza kupata dawa ya matone ya kuondoa klorini na ainunue, chupa moja hudumu.

Mvua tunayo, Mungu ametupa. Maji ya mvua hayana madini karibu kabisa, na peke yake hayafai, kwa kuwa pH yake huyumba kwa jambo dogo. Lakini yakichanganywa na maji ya ziwa hufanya kitu kizuri: madini yanabaki ya kutosha na ukali unapungua. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati, kinga ile inayofuata. Mimi nachanganya nusu kwa nusu. Unachoweza kukipata kila wiki bila kuhangaika ndicho kiwe kipimo chako, maana samaki huumizwa zaidi na maji yanayobadilikabadilika kuliko maji yasiyolingana sawasawa na kitabu.

Umeme, joto na pumzi

Kipasha joto, ambacho wengi wetu tunakiita rezistansi, huhitaji takriban wati 1 kwa kila lita. Tangi la lita 60 linataka rezistansi ya wati 50 hadi 75, na usiku wa Bukavu itawaka muda mrefu. Sola ndogo za nyumbani zinazowasha taa tatu na kuchaji simu haziwezi kuibeba hadi asubuhi. Hesabu hii ifanye mapema, kabla hujampenda samaki asiyeweza kuishi chini ya nyuzi 24.

Nimepima kwangu: tangi la lita 60 lililokuwa nyuzi 25 lilifika 21 baada ya usiku mmoja bila umeme. Samaki hafi kwa kushuka huko mara moja. Hufa kwa kupanda na kushuka kila siku ya juma, mwili unachoka, halafu vidoa vyeupe kama chembe za chumvi vinamtokea kwenye mapezi. Blanketi la zamani likizungushwa tangini, juu pakiachwa nafasi ya hewa, husaidia kweli. Lakini kama umeme kwako huja saa chache tu, uamuzi wa busara ni kutokuwa na rezistansi kabisa na kuchagua samaki wanaopenda baridi yetu. Wapo, na ni wazuri, nitawataja.

Pumzi ni jambo la haraka zaidi kuliko joto. Katika mwinuko wetu hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko yangeshika pwani, yakiwa na joto lile lile. Ndiyo maana napendekeza chujio la sponji linalosukumwa na pampu ndogo ya hewa, si yale machujio makubwa ya kufungwa. Linachuja, linatia hewa, linalea bakteria, na pampu yake hutumia wati chache ambazo betri ndogo inaweza kuzibeba usiku kucha. Zipo pampu za kuchaji kama simu. Nunua hiyo kabla ya pambo lolote. Ikikosekana na umeme ukaondoka, chota maji ya tangi kwa kikombe uyamwage tena kutoka juu kidogo, dakika chache kila baada ya muda. Nimekesha hivyo mara moja, na wote waliamka.

Kioo

Bakuli la duara lile la kwenye picha liache dukani. Mdomo wake ni mwembamba, hewa haiingii, na lita 5 huchafuka kabla hujamaliza chai. Anayeanza hufikiri kidogo ni rahisi, lakini maji machache huharibika upesi na hupoa upesi. Lita 60 ni mwanzo mzuri, 100 ni bora kama una mahali.

Hesabu ni nyepesi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 1,000, utapata lita. Tangi la 60 kwa 30 kwa 36 linabeba karibu lita 65. Chagua refu na pana kuliko lililosimama, maana hewa huingilia juu na samaki huogelea kwenda mbele. Fundi vioo mzuri anaweza kukutengenezea. Mwambie kioo cha milimita 6, kingo zisuguliwe, na silikoni iwe ile tupu isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa kuwa dawa hiyo huua samaki. Liache likauke juma zima, kisha lijaze maji nje, juu ya ubao ulionyooka, ulingojee siku mbili kabla ya kuliingiza ndani.

Likijaa, maji, mchanga na kioo vinapita kilo 80, uzito wa mtu mzima aliyekaa juu ya meza yako bila kushuka. Na ardhi yetu hutikisika. Waliokuwa hapa tarehe 3 Februari 2008 wanakumbuka. Tangi liwe juu ya kitu kifupi, kipana, cha mbao nzito au matofali, lisogezwe ukutani, na chini yake pakae kipande cha frigoliti, lile povu gumu jeupe la kufungia vitu, ili kioo kilale sawasawa. Lisikae dirishani. Jua litaleta mwani wa kijani na kupandisha joto mchana.

Kwa mawe, tuna bahati isiyo na mfano. Mawe ya lava kutoka upande wa Goma yamejaa matundu madogo, na kila tundu ni nyumba ya bakteria. Yasugue kwa brashi na maji ya moto bila sabuni, chagua yasiyo na ncha za kuchana mapezi. Jiwe lingine lolote lidondoshee siki: likitoa povu lina chokaa, nalo litapandisha pH. Mchanga wa mto uoshwe mpaka maji yatoke meupe, hata kama ni mara kumi na tano. Mimea ukiichuma bwawani, ikague jani kwa jani uondoe konokono, kwa kuwa baadhi yao hubeba kichocho.

Nani akae na nani

Sasa samaki. Watu huuliza kama fulani "anapatana" na fulani, kana kwamba ni suala la tabia peke yake. Mimi naulizia mambo matatu, kwa mpangilio huu. Je, wote wanataka joto lile lile na maji yale yale? Je, mdomo wa huyu unaweza kumeza mwili wa yule, leo au baada ya mwaka? Ndipo tabia.

Swali la kwanza hutenganisha watu wengi waliokuwa wakitaka kuoana. Diskasi anataka nyuzi 28 na zaidi. Kwetu ni gharama ya kila usiku. Neoni hutoka maji laini yenye asidi ya Amazoni, ukimtia kwenye maji ya Kivu unamtesa. Samaki wa dhahabu anapenda baridi yetu, lakini anakua kufikia sentimita 20 au zaidi na kuchafua maji kama ng'ombe zizini. Mtu anamnunua akiwa kidole kimoja, na tangi la lita 60 linamshinda kabla hata hajakomaa.

Swali la pili ndilo lenye majonzi. Skalari na neoni hupigwa picha pamoja, tena wanapendeza, mpaka skalari anapokua na asubuhi moja unahesabu neoni hawafiki. Yule samaki wa kunyonya kioo, anayeuzwa kama msafishaji akiwa na urefu wa kidole, anaweza kupita sentimita 30. Watoto wa ufukweni huleta vifaranga vya tilapia kwenye chupa, na ni vigumu kuwakatalia macho yao. Lakini huyo ni samaki wa sahani, baada ya miezi atakuwa amekula wenzake na kung'oa mimea yote. Na sambaza, dagaa wa ziwa letu, ambao kila mtu huniuliza, hawawekeki. Ni samaki wa kundi na maji ya wazi. Ukiwashika tu magamba yanabaki mkononi.

Tabia, basi. Madume wawili wa beta hupigana hadi kufa, na dume mmoja akimwona gapi mwenye mkia mrefu wa rangi anaweza kumshambulia kama hasimu. Barbusi wa milia wakiwa watatu hutafuna mapezi ya kila aliye mpole. Wakiwa wanane hushughulikiana wenyewe. Samaki wengi wa kundi wako hivyo: ukiwaweka wawili watatu, wanakuwa waoga au wakorofi. Sita ndio mwanzo.

Ukiyapitisha yote hayo kwenye kipimajoto changu cha nyuzi 19 hadi 22, wanabaki wachache, na hao ndio ninaowapenda kwa mwanzo. Danio wa milia, wa India, Nepali na Bangladesh, hujisikia nyumbani kati ya nyuzi 18 na 24. Ni wepesi, hawachoki, na huruka, kwa hiyo tangi liwe na kifuniko. Tanichthys albonubes, mdogo mwenye ukingo mwekundu, alielezwa kisayansi mwaka 1932 kutoka mlima ulio karibu na Guangzhou, China, na anaishi vizuri hata kwenye nyuzi 16. Plati, kutoka Mexico, anapenda maji yenye madini, jambo ambalo sisi tunalo bure. Kwenye lita 60 zisizo na rezistansi, weka danio au Tanichthys wanane na plati wanne. Usiwaweke siku moja. Kundi la nusu kwanza, wiki tatu baadaye nusu nyingine, ili bakteria wapate kuongezeka pamoja nao.

Plati huzaa hai, karibu kila wiki nne, na jike hutunza mbegu ya dume kwa miezi, kwa hiyo hata peke yake atazaa. Dume utamjua kwa pezi la tumboni lililochongoka kama kijiti. Dume mmoja kwa majike wawili au watatu, la sivyo majike hawapumziki.

Mwenye umeme wa kutegemewa na rezistansi, nina pendekezo ninalolisema kwa moyo wote. Acha samaki wa mbali, utazame Tanganyika. Ziwa hilo linapokea Ruzizi, mto ule ule unaotoka hapa kwetu, na ndani yake wamo samaki wa jamii ya sikilidi zaidi ya 200, karibu wote hawapatikani pengine duniani. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyewahi kusafirisha samaki wa mapambo kutoka Kongo na kisha Burundi, alichangia kuwafanya wajulikane Ulaya na Marekani, na mmoja wao, Neolamprologus brichardi, alipewa jina lake mwaka 1974. Anayefaa lita 60 ni mdogo zaidi: Neolamprologus similis, wa upande wa Kongo wa ziwa hilo, asiyefika hata sentimita 5, anayeishi ndani ya maganda ya konokono. Anataka pH ya 8.5 hadi 9 na nyuzi 24 hadi 27. Maji ya ziwa letu yanayoua neoni, yeye anayafurahia, mradi bakteria wamekomaa kweli, kwa sababu ile hesabu ya amonia haimsamehi yeye pia. Weka mchanga wa sentimita 5, tandaza maganda matupu 20, kisha kaa kimya mbele ya kioo. Utamwona akizika ganda lake kwa kichwa, akibeba mchanga kinywani punje kwa punje, akiutema kando, akirudi, mpaka mlango unabaki sawa na uso wa mchanga. Kundi la sita linatosha, na hawa wakae peke yao.

Siku ya kuwaleta

Wangu wa sasa walitoka Kigali. Ni karibu saa sita za barabara, na msitu wa Nyungwe una baridi inayopenya mfuko. Mwombe muuzaji asiwalishe siku moja kabla, maji yajae theluthi ya mfuko na hewa theluthi mbili, mifuko ifungwe kwenye magazeti, yote ndani ya boksi la frigoliti lenye kifuniko. Nyumbani zima taa, uache mfuko uelee juu ya maji dakika 20 ili joto lilingane, kisha uongeze kikombe kimoja cha maji ya tangi kila dakika kumi kwa muda wa saa moja. Wachote kwa neti. Maji ya mfukoni yasiingie tangini. Siku hiyo usiwalishe.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Chakula mara moja au mbili kwa siku, kile wanachokimaliza ndani ya dakika mbili, na siku moja ya juma bila chakula. Kila Jumamosi toa robo ya maji, urudishe yaliyotulia, yenye joto linalokaribiana. Mgeni akija na mkate mkononi, mkatalie kwa upole.

Na vifaranga vikizidi, kwa sababu vitazidi, visiende ziwani, hata kama unaona huruma. Kivu lina samaki wake wasiopatikana pengine, aina 15 hivi za jamii ya haplokromisi, na tayari limepokea wageni: sambaza waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na Lamprichthys tanganicanus alionekana humo mwaka 2006. Mimi huwagawa. Watoto wa nyumba ya chini wamejenga tangi lao kwa vioo vya dirisha la zamani, na wiki tatu zilizopita niliwapelekea kwanza kipande cha sponji langu ndani ya kopo la maji, cheusi, kikinuka udongo. Mama yao aliuliza ni takataka gani hiyo. Mkubwa wao akamjibu, "Mama, hiyo ndiyo inatangulia. Samaki wanakuja kiisha."